Stepa imeandikwa volti 2.55, mbona inapewa 24?

Ukinunua mota ya stepa (mota inayozunguka hatua kwa hatua) ya saizi ya NEMA 17, ile yenye uso wa mraba wa milimita 42 inayotumika kwenye printa nyingi za 3D na mashine ndogo za kuchonga mbao, karatasi yake ya vipimo itakushangaza. Tuichukue 17HS4401, mota ya kawaida kabisa: ampea 1.7 kwa kila koili, ukinzani omu 1.5, indaktansi milihenri 2.8. Zidisha 1.7 kwa 1.5, unapata volti 2.55. Hiyo ndiyo volti ya mota kwa mujibu wa karatasi. Halafu unafungua mashine yenyewe unakuta pawa saplai ya volti 24, na mota inazunguka raha mustarehe.

Wanaoanza hukwama hapa, kila mmoja kwa upande wake. Mmoja huiamini karatasi, akatafuta umeme wa volti 3, akaishia na mashine inayotetemeka bila kwenda popote. Mwingine huidharau, akachomeka volti 12 moja kwa moja kwenye koili ya omu 1.5. Hapo ampea 8 zinalazimika kupita mahali palipotengenezwa kupitisha 1.7, na harufu ya vanishi ya waya ndiyo humpa taarifa. Karatasi haikukosea, na pawa saplai haikukosea. Kwenye stepa, volti na ampea hujibu maswali mawili tofauti. Ampea huamua mota itakuwa na nguvu kiasi gani. Volti huamua nguvu hiyo itaendelea kuwepo hadi mwendo gani. Ukishavitenganisha hivyo, mipangilio mingine yote inafuata.

Anayewezesha utengano huo ni draiva. Chipu kama A4988 ya Allegro, DRV8825 ya Texas Instruments au TMC2209 ya Trinamic hupima muda wote ampea zinazopita kwenye koili, nyingi zikitumia rezista ndogo sana iliyowekwa njiani. Umeme ukifunguliwa, ampea zinapanda. Zikigonga kiwango ulichoweka, draiva inakata. Zikishuka kidogo, inafungua tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo hata kukiwa na volti 24 nyuma ya draiva, mota iliyosimama haionji zaidi ya wastani wa zile volti mbili na ushei zinazotosha kupitisha ampea zake. Ile 2.55 ni matokeo tu ya kuzidisha ampea kwa omu. Si namba ya kwenda nayo dukani.

Ila hakikisha unayo draiva ya namna hiyo. Bodi nyekundu ya L298N, ambayo hukosi kuiona kwenye duka lolote linalouza Arduino, kwa jinsi inavyouzwa haizuii ampea. Inafungua na kufunga, basi. Ukiiunganisha na mota ya omu 1.5 kwa volti 12, kimoja kati ya viwili hivyo kitaungua. Bodi hiyo inafaana na stepa za ukinzani mkubwa, na huko volti ya kwenye lebo ndiyo sheria. Hali kadhalika ile stepa ndogo ya 28BYJ-48 ya volti 5: koili zake zina omu 50 hivi, zinajizuia zenyewe. Ipe volti 5, mambo yameisha.

Sasa, kama draiva inalinda ampea, si tungeipa volti 9 tukalala? Jibu limejificha kwenye ile milihenri 2.8, namba ambayo watu wengi huiruka wanaposoma karatasi. Koili hukataa mkondo wake usibadilishwe ghafla, na milihenri ndizo kipimo cha ukaidi huo. Ni kama mkokoteni uliojaa magunia: kuuanzisha ni kazi, kuusimamisha ni kazi, na ukitaka uondoke upesi sharti uongeze wasukumaji. Volti ndizo wasukumaji. Na stepa haiendi ila kwa kubadilisha mkondo wa koili zake, hatua kwa hatua, hatua 200 kwa kila mzunguko, digrii 1.8 kila moja.

Tuipigie hesabu mota yetu. Ukiipa volti 2.55 kamili, ampea zinakaribia 1.7 baada ya milisekunde 9 hivi. Ukiipa volti 12, zinafika baada ya milisekunde 0.45. Ukiipa 24, ni milisekunde 0.21. Weka kando ya namba hizo mwendo wenyewe. Mizunguko 300 kwa dakika ni hatua 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila hatua ina milisekunde 1 tu ya kuishi. Kwa volti 2.55, hatua inakwisha kabla koili haijapata hata nusu ya ampea zake. Kwa volti 12 bado kuna nafasi. Panda hadi mizunguko 600 kwa dakika, hatua inabaki na milisekunde 0.5, na volti 12 zinaanza kuhema. Kwa 24 bado uko salama.

Nami nimeihurumia mota kwenye hesabu hiyo, maana nimeanzia sifuri. Kazini koili haianzii sifuri. Mara nyingi inatoka ampea 1.7 za upande mmoja kwenda 1.7 za upande wa pili, na safari hiyo huchukua karibu mara mbili ya muda niliotaja. Juu ya hapo, mota inayozunguka ni jenereta pia. Inazalisha volti zake zinazopingana na za kwako, na kadiri inavyokimbia ndivyo zinavyozidi. Ushahidi unao mkononi: ukiwa na mota isiyounganishwa na kitu, gusanisha waya mbili za koili moja kisha zungusha shafti kwa vidole. Itakuwa nzito ghafla. (Hii pia ndiyo njia ya haraka ya kujua waya zipi ni za koili moja, ukikuta rangi zimekorogwa. Waya zisizo za koili moja hazibadilishi kitu.)

Swali linalofuata ni mashine yako inahitaji mwendo gani, na hapa watu hunakili mipangilio ya wenzao bila kutazama chuma kilicho mbele yao. Printa ya 3D inayovuta kwa mkanda wa GT2, wenye jino kila milimita 2, na puli ya meno 20 husogea milimita 40 kwa kila mzunguko wa mota. Mizunguko 300 kwa dakika tayari ni milimita 200 kwa sekunde, mwendo ambao printa nyingi za kizazi cha zamani hazikuchapisha kwao. Kwa printa kama hizo volti 12 zinatosha, na zimetosha kwa miaka. Lakini mashine ya kuchonga mbao inayosukumwa na skrubu ya milimita 8 kwa mzunguko, kwa kasi ileile ya mota, inatembea milimita 40 tu kwa sekunde. Ukitaka irudi haraka kuanza mstari mpya, mota italazimika kukimbia kwelikweli, na hapo volti 12 zinakuangusha. Mota moja, draiva moja, majibu mawili. Mwenye skrubu aende moja kwa moja kwenye 24 asipoteze muda.

Namba hizi zinafaa hata kabla hujanunua mota. Sokoni kuna NEMA 17 nyingine iliyoandikwa volti 12, ampea 0.4, omu 30, milihenri 37. Mtu mwenye pawa saplai ya volti 12 huiona akafurahi: volti kwa volti, imekubali! Ikisimama, hutaona tatizo. Iendeshe sasa. Hata ukiipa volti 24, ampea zake 0.4 zinafika baada ya milisekunde 0.85, mara nne ya muda wa mwenzake. Kwa volti 12 draiva haina hata nafasi ya kukata, kwa sababu volti zote zinaliwa na ukinzani wa koili. Mota hiyo ina mahali pake kwenye kifaa kinachokwenda polepole kwa draiva rahisi. Kwenye printa itakuchosha. Kwa mashine ya mwendo, chagua mota yenye milihenri chache na ampea nyingi, hata kama volti yake ya kwenye karatasi inachekesha.

Volti zina mipaka ya juu, na zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni draiva: A4988 inaishia volti 35, DRV8825 volti 45, TMC2209 volti 29. Wa pili ni mota yenyewe. Kampuni ya Geckodrive ya Marekani ilieneza kanuni ambayo mafundi wa CNC (mashine zinazoongozwa na kompyuta) wanaitumia hadi leo: tafuta kipeuo cha pili cha milihenri za mota, zidisha kwa 32. Kwa milihenri 2.8 unapata volti 53 hivi. Ukizidi hapo mota inapata moto ndani ya chuma chake bila faida ya maana. Ni kikomo, si lengo. Kwa mashine ndogo, 24 hadi 36 ni pazuri, ilimradi draiva yako inazimudu. Na usidhani volti zaidi zitaipa nguvu mota inayokwenda polepole. Kwa mwendo mdogo ampea ni zilezile ulizoweka, unachoongeza ni kelele na joto.

Usikae pia kwenye ukingo wa draiva. Mzigo mzito ukifungwa breki ghafla, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye pawa saplai, volti zinaruka juu. Hata kuwasha tu kuna hatari zake. Kwenye vibodi vya A4988 vyenye kapasita za kauri, kuchomeka umeme kupitia waya mrefu huweza kuzaa mruko unaopita volti 35 wakati chanzo chako ni volti 12 tu. Ndiyo maana Pololu, kampuni iliyovifanya vibodi hivyo vijulikane, inasisitiza kapasita kubwa ya angalau maikrofaradi 47 karibu na pini za umeme wa mota. Wengi huweka 100. Ni kifaa cha bei ya pipi, lakini ndicho kinachosahaulika kila mara.

Anayetumia sola ajihadhari zaidi. Mfumo wa betri za asidi unaoitwa wa volti 24 hupanda hadi 28.8 wakati wa kuchajiwa. TMC2209 inaishia 29, kwa hiyo jua la saa sita mchana linakuweka ukingoni kabisa. Hapo weka kipunguza volti katikati, au tumia draiva inayostahimili zaidi.

Kwa asiye na bajeti, chaja ya laptopu ni chanzo kizuri ambacho mafundi wetu hawakitumii vya kutosha. Zimejaa madukani, volti 19 au 19.5, na ya wati 90 inatoa ampea 4.6 hivi. Kwa mota yetu volti 19 zinafikisha ampea kwa milisekunde 0.27, karibu zaidi na 24 kuliko 12. Kwa mashine ya mota tatu inatosha.

Tuje kwenye ampea, ambako ndiko draiva nyingi hufia. Kwenye A4988 unaweka kiwango kwa kuzungusha kiskrubu kidogo huku ukipima kwa multimita volti ya rejea, ile inayoiambia draiva ikate kwenye ampea ngapi. Kanuni ya volti hiyo ni ampea mara 8 mara ukinzani wa rezista ya kupimia. Rezista hiyo ndiyo mtego. Ziko mbili, nyeusi, pembeni ya chipu, zimeandikwa R100, R068 au R050 (yaani omu 0.1, 0.068 au 0.05), kutegemea nani alitengeneza bodi. Tuseme unataka ampea 1.2. Ukiwa na R100 unaweka volti 0.96. Ukiwa na R068, volti 0.65. Ukiwa na R050, volti 0.48. Ukichukua 0.96 ya kwenye video ya mtu ukaiweka kwenye bodi yako ya R050, umeamuru ampea 2.4 kwenye chipu isiyozidi 2 hata ikipozwa vizuri. Soma rezista kwanza, kwa tochi na kamera ya simu ukilazimika. DRV8825 ina hesabu nyepesi kwa bodi zake za kawaida: ampea ni mara mbili ya volti ya rejea, kwa hiyo 1.2 unaipata kwa volti 0.6.

Kupima kwenyewe: waya mweusi wa mita kwenye ardhi ya bodi (GND), mwekundu kwenye chuma cha kiskrubu chenyewe. Ukiwa na klipu ya mamba, bana bisibisi kwa waya mwekundu ili mita isome huku unazungusha. Zungusha kidogo mno, robo ya robo, maana upande wa kuongeza na wa kupunguza si uleule kwa kila mtengenezaji. Bisibisi ikiteleza ikagusa pini mbili, draiva imekwenda.

Kwa TMC2209 kiwango mara nyingi kinaandikwa kwenye programu. Marlin, programu inayoendesha printa nyingi za 3D, inataka miliampea, na inataka ampea za wastani wa RMS (zinazolingana na joto ambalo mkondo hutoa), si za kilele. Kilele ni RMS mara 1.41. Ampea 1.2 za kilele tulizoweka kwenye A4988 ni sawa na 850 kwenye Marlin. Anayehamisha namba kutoka draiva moja kwenda nyingine bila kugawa kwa 1.41 hupata mota yenye moto mwingi kisha akailaumu draiva mpya.

Mbona 1.2 wakati mota inakubali 1.7? Nguvu ya kuzungusha inakwenda sambamba na ampea, lakini joto linakwenda na mraba wake. Kushuka kutoka 1.7 hadi 1.2 kunakuachia asilimia 70 ya nguvu na kunakuondolea nusu ya joto. Sijui biashara nyingine nzuri kama hiyo. Na A4988 isiyo na hitsinki (kibati cha kupoza) inamudu kama ampea 1 tu, kwa 1.2 iwekee hitsinki na feni. Mota nayo haifi kwa kupata moto. Nyingi zinavumilia digrii 80 za ganda la nje, ambazo mkono wako hauvumilii hata kidogo. Tatizo ni kile kilichoishikilia. Kishikio kilichochapishwa kwa plastiki ya PLA huanza kulainika kwenye digrii 60 hivi, na mashine inapinda yenyewe polepole.

Hapa ndipo uchunguzi mwingi unapokwenda kombo. Mashine inaruka hatua, kazi inahama upande katikati, na shauri la kwanza la kila mtu ni "ongeza ampea". Ampea huenda ndizo zilizosababisha. Draiva ikipata moto kupita kiasi hujizima kwa muda mfupi ili isife, kisha inajiwasha. Mota imekosa hatua kadhaa pale, na mashine haijui. Ukiongeza ampea unaharakisha kuzima kunakofuata. Angalia makosa yanatokea lini. Yakitokea mwendo mdogo au mashine ikiwa imebeba mzigo, na draiva imepoa, basi kweli ampea hazitoshi. Yakitokea kwenye mwendo mkubwa tu, volti ndizo fupi, au umeweka kasi ya kuongeza mwendo iliyo kali mno. Yakianza baada ya nusu saa ya kazi nzuri, gusa feni kwanza.

Ukubwa wa pawa saplai ni hesabu fupi. Kwa sababu draiva inakatakata, ampea zinazotoka kwenye pawa saplai ni chache kuliko zinazozunguka kwenye koili. Theluthi mbili ya ampea za lebo kwa kila mota ni kadirio la kutosha: mota tatu za 1.7 zinataka 3.4, nunua ya 5. Pawa saplai ya ampea 15 haitaiumiza mota. Inachukuliwa inayohitajika tu. Na usiweke ampea za mota kwa kusoma mita kwenye waya wa pawa saplai. Namba utakayoiona si ya koili, ukiifuata utaongeza hadi moshi. Wala usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme, hata kwa sekunde moja ya kujaribu. Mkondo wa koili uliokatwa ghafla unatafuta pa kupita, na unapita ndani ya chipu.

Zimebaki mota zisizo na karatasi, zilizofunguliwa kwenye printa mbovu na mashine za fotokopi. Pima ukinzani wa koili kwa multimita. Kwa mwili wa saizi ya NEMA 17, hesabu wati 4 kwa koili: gawa 4 kwa omu ulizopata, tafuta kipeuo cha pili, hizo ndizo ampea za juu. Omu 1.5 inakupa 1.6, karibu sawa na karatasi ya mota yetu. Omu 30 inakupa 0.37, karibu sawa na ile ya volti 12. Mota yenye mwili mdogo zaidi, punguza wati. Anza na nusu ya ampea ulizopata, iache mota isimame na umeme kwa nusu saa, kisha iguse. Ikiwa bado unaweza kuishika bila kuondoa mkono, panda kidogo na uiache nusu saa nyingine.